Baba mkwe anasema jeshi la Ubelgiji lilithibitisha UFO (kitu cha angani kisichojulikana), nimjibuje?

Mkwe_Liège: Habari wadau. Nimeolewa huku Ubelgiji, na baba mkwe wangu mwaka 1989 alikuwa anaishi karibu na mji wa Eupen. Kila Jumapili tukienda kwake lazima azitaje taa tatu za pembetatu alizoziona usiku zikielea kimyakimya, anasema jeshi lilichunguza likathibitisha ni viumbe wa sayari nyingine. Shemeji anamcheka mbele ya watoto, mzee anawaka, halafu wote wananigeukia mimi eti niamue kwa vile nimesoma fizikia. Sitaki kumdanganya wala kumvunjia heshima. Jeshi lilisema nini hasa?

Kitasa: Wewe mkwe, kesi za ukoo wa watu za nini? Sema "baba umeona makubwa" endelea kula viazi 😂

Fundi Rada: Dada usimsikilize huyo. Kwanza mzee hakuwa peke yake, tarehe 29 Novemba 1989 askari wa doria pale pale Eupen waliripoti kitu hichohicho, kwa hiyo shemeji aache dharau. Ila kuthibitisha hapana. Usiku wa 30 kuamkia 31 Machi 1990 jeshi lilirusha ndege mbili za kivita F-16 baada ya watu kupiga simu na rada za chini kuonyesha kitu, ndege zikajaribu kukifuata mara tisa, rada za ndege zikakinasa sekunde chache tu kisha kinapotea, kuna sehemu kasi inaruka toka km 280 kwa saa hadi 1800, lakini marubani wenyewe kwa macho hawakuona KITU. Kanali De Brouwer wa jeshi la anga la Ubelgiji alitoka mbele ya waandishi akaonyesha rekodi akasema hawajui ni nini. Kutojua ni kutojua, sio viumbe. Baadaye wataalamu wa jeshi wakapitia zile rekodi, baadhi ya mara rada ya F-16 moja ilikuwa imeinasa F-16 nyingine, nyingine ni hali ya hewa inayochanganya rada.

Jogoo wa Shamba: Si ilikuwa F-117, ile ndege ya kivita ya Wamarekani ya kukwepa rada?

Fundi Rada: Wabelgiji waliwauliza, wakajibiwa hawakuwa na ndege hizo pale. Na F-117 haielei kimya juu ya paa la mtu, mkuu.

Mkwe_Liège: Asanteni. Tatizo lingine, ile picha maarufu ya UFO ya pembetatu nyeusi iliyopigwa Petit-Rechain hapa Ubelgiji ameiweka kwenye fremu sebuleni 🙈

Mzee Kijiko: Mwanangu, aliyeipiga alikiri kwenye televisheni mwaka 2011 kwamba ni lile povu jeupe la kufungia vyombo, kalipaka rangi akatia taa. Hilo shemeji yako akilijua hapo mezani hapatakalika, kwa hiyo usiliseme siku ya watu wengi. Mtafute mzee mkiwa wawili, muulize alichoona yeye, muache aeleze mpaka amalize, ndipo umwambie alichoona yeye na picha ile ni vitu viwili. Hata picha ikiwa feki haimfanyi yeye kuwa muongo. Rada iache kabisa mpaka akuulize mwenyewe.

Kitasa: Na shemeji je?

Mzee Kijiko: Huyo aambiwe na mume wa mwanangu hapa, sio yeye mkwe.

Mkwe_Liège: Nimewaelewa. Jumamosi nampeleka baba dukani, tutakuwa wawili kwenye gari.

Kitasa: Ulete mrejesho basi