Mawakala wa "kazi Dubai", acheni kutuuzia viza ya matembezi!

Wakuu, hili limezidi sasa. Mtu anauza kiwanja, anatoa mamilioni, anakabidhiwa viza ya matembezi ya siku 60 na maneno matamu: "Ukifika utabadilisha." Utabadilisha na nani? Anayeomba kibali cha kazi ni mwajiri, si wewe. Kubadilishia ukiwa hukohuko kunaruhusiwa, sikatai, ila lazima awepo mwajiri aliyekuombea. Kama jina lake halijulikani kabla hujapanda ndege, umenunua tiketi ya kwenda kutembea.

Njia yenyewe iko hivi, na hao mawakala wanaijua vizuri tu. Mwajiri anaomba kibali wizara ya kazi ya Falme za Kiarabu, MOHRE. Anakutumia ofa yenye namba ya wizara, unaisaini ukiwa nyumbani. Ikipita, inatoka viza ya kuingilia kwa ajira, una siku 60 za kuingia nchini. Ukishafika zinaanza nyingine 60: damu, picha ya kifua, alama za vidole za Emirates ID (kitambulisho cha huko), halafu kibali cha ukaazi, kwa kawaida wa miaka 2. Kwenye vipimo ndipo watu wanapokwama. HIV ikionekana, ukaazi huna, unarudishwa. TB nayo inaweza kukutoa. Kupima hapa nyumbani ni bei ndogo sana ukilinganisha na hizo mnazochukua, sasa kwa nini hamumpimi mtu kwanza? Kwa sababu akifeli kabla hajalipa, hamli.

Na hela yenyewe ya nini? Sheria yao ya kazi namba 33 ya 2021, kifungu cha 6, inakataza kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, iwe waziwazi au kwa kuzunguka. Pasipoti nayo mwajiri haruhusiwi kuishikilia. (Kazi za ndani zina sheria yake, namba 9 ya 2022. Na maeneo huru ya biashara (free zones) hutoa vibali kupitia mamlaka zao, kwa hiyo kutokuona jina MOHRE pekee si ushahidi wa utapeli. Tuwe wakweli.)

Hasira kubwa ni hapa: viza ya matembezi ikiisha, faini ni dirham (pesa ya huko) 50 kila siku. Siku 40 ni dirham 2,000, na mshahara hujauona. Ukipewa kibarua cha kificho, tangu 2024 anayeajiri mtu asiye na kibali anaweza kupigwa faini kuanzia dirham 100,000 hadi milioni 1. Wakaguzi wakitokea, bosi huyo atakukana mchana kweupe, na malipo ya wiki tatu yamekwenda.

Hata ofa ikiwa ya kweli, msiangalie jumla tu. WhatsApp unaandikiwa mshahara wa dirham 2,000, ofa ya wizara inasema mshahara wa msingi 800, zilizobaki posho. Kiinua mgongo kinahesabiwa kwa huo msingi: mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo, na usipotimiza mwaka hupati kitu. Saa za ziada pia zinakokotolewa kwa msingi huohuo. Kiarabu na Kiingereza vikipishana kwenye mkataba, Kiarabu ndicho kinachosimama, kwa hiyo tafuteni mtu wa kuwasomea upande wa Kiarabu kabla ya kusaini.

Kenya orodha ya mawakala waliosajiliwa iko NEA (mamlaka ya taifa ya ajira), Tanzania ulizieni TaESA (huduma za ajira za serikali). Wakala akikutumia picha ya viza, usihangaike na nembo wala mhuri. Soma aina ya viza, kisha soma jina la mdhamini. Ukikuta ni kampuni ya utalii au shirika la ndege wala si mwajiri wako, hiyo ni ya matembezi, na huyo anayekuambia "ni utaratibu tu" adai pesa zake kwingine.