Potwe wa Mafia wanapimwa DNA ya nini? Si wahesabiwe tu

MtuWaMwalo: Wakuu habari za leo. Mi nauza samaki hapa mwalo wa Kasenyi, Ziwa Victoria upande wa Uganda, bahari naijua kwa simu tu. Sasa jamaa yangu wa Tanzania kanitumia video ya yule papa mkubwa wa madoa, kule Mafia wanamwita potwe, anasema watafiti wanamdunga na kamkuki wanatoa kinyama kidogo cha ngozi wakapime jeni. Hapo ndo nimeachwa. Kama wapo si wahesabiwe tu?

Shemeji_wa_Pwani: Wanahesabiwa, tena kwa picha, madoa ya kila mmoja ni yake peke yake kama alama za vidole. Shida ni kwamba pale Mafia wengi ni madume machanga, majike wakubwa hawaonekani, sasa hesabu hiyo itakwambia nini kuhusu kizazi? Jeni ndo zimeonyesha wa Atlantiki ni kundi tofauti na hawa wa Hindi na Pasifiki, yaani tukiwamaliza huku usitegemee wa kule watakuja kujaza. Na huyu hana haraka, mpaka azae ni miaka 25 hivi au zaidi. 1995 Taiwan walivua jike lina watoto kama 300 tumboni, baadaye wakapima baadhi yao, baba mmoja!

MtuWaMwalo: 25?? Samaki wangu wa bwawani hamalizi mwaka hajazaa

MzeeNyavu: Kijana, mbona unaenda mbali, hiyo habari unaikanyaga hapo mwaloni. Unayemuuza ukimwita ngege ni sato wa Nile, kaletwa ziwani miaka ya 1950. Ngege mwenyewe, yule wa asili ya ziwa hili, huku mputa (sangara) anamla, huku sato anamnyang'anya mazalio na kuzaa naye, matoto yakawa machotara. Ukiangalia beseni utasema ngege wamejaa, kumbe kilichobaki ni jina. Wenyewe wako vijiziwa vya pembeni kama Kanyaboli, Siaya huko Kenya, na kijiziwa ni kidogo, hawachelewi kuoana ndugu kwa ndugu.

MtuWaMwalo: Ayaa mzee! Kuna jajja (mzee) mmoja wa Nkumba kila Jumamosi anageuzageuza samaki wangu anasema "hii si ngege", mi namcheka najua anatafuta kupunguziwa bei

MzeeNyavu: Mpunguzie.