Msalato mita 3,600, Dodoma mjini mita 2,500: urefu wote huo wa nini?

Makulu_Dom
Wakuu, habari zenu. Njia ya kurukia ya uwanja wa Dodoma mjini ilirefushwa mwaka 2016 kutoka mita 2,000 hadi 2,500, na Airbus A220 za shirika letu la ndege, ATCL, zinatua. Kwenye uwanja mpya wa Msalato inajengwa ya mita 3,600. Ni kwa ajili ya ndege kubwa tu? Na ule wa mjini usingeweza kuongezwa tena?

Lami na Mbawa
Mkuu, kinachokula mita ni mwinuko na joto. Dodoma iko mita 1,119 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Bawa linataka mwendo mkubwa zaidi kubeba uzito uleule, na injini inavuta hewa pungufu, msukumo unashuka.

Makadirio ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga: ongeza urefu wa njia 7% kwa kila mita 300 za mwinuko, halafu 1% kwa kila nyuzi moja ya joto juu ya kiwango sanifu (joto la kawaida la kukokotolea) cha mwinuko huo, halafu 10% kwa kila 1% ya mteremko wa njia. Chukua ndege inayohitaji mita 2,300 usawa wa bahari kwenye nyuzi 15. Mwinuko wa Dodoma unaongeza 26%, inakuwa 2,900. Kiwango sanifu cha joto hapo ni nyuzi 7.7, ukikokotolea nyuzi 30, unafika karibu 3,550. Mteremko wa 0.3% tu unakupeleka 3,650.

fundi_viwanja
Hesabu iko sawa, ila tahadhari: mwinuko na joto vikizidi 35% kwa pamoja, ICAO wenyewe wanataka uchunguzi maalumu, yaani ufungue majedwali ya mtengenezaji wa ndege. Hapo imefika 54%, kwa hiyo ni picha tu. Na joto la kukokotolea si la siku moja kali. Ni wastani wa joto la juu la kila siku katika mwezi wenye joto kuliko yote.

A220 kutua mjini hakumaanishi inaweza kuondoka imejaa kwenda mbali. Njia ikiwa fupi unapunguza uzito: mafuta, mizigo, mwisho abiria. Dodoma hadi Dar ni kama kilomita 400, mafuta kidogo yanatosha. Dubai ni habari nyingine kabisa. Ndiyo maana viwanja vya nyanda za juu hupenda kurusha safari ndefu usiku au alfajiri: joto likishuka kutoka 30 hadi 18, umeokoa kama 10% ya urefu.

Mstari wa Kati
Kuhusu mjini, lami ni sehemu ndogo. Kila mwisho unataka mita 60 za ukanda wazi, kisha eneo la usalama kwa ndege inayopitiliza: kima cha chini mita 90, inapendekezwa 240. Kwa 3,600 unahitaji mita 4,200 zilizonyooka, na mita 140 wazi kila upande wa mstari wa katikati. Mjini utavunja nyumba za nani?

Bado anga. Kwa utuaji wa vyombo, yaani rubani anapoongozwa na vyombo badala ya macho, kuna mteremko wa kufikirika wa 2% unaopanda kuelekea nje, ukianzia mita 60 kabla ya kizingiti (mwanzo wa sehemu ya kutua). Kilomita moja mbele yake, kitu chochote kinachozidi mita 20 ni kizuizi. Ghorofa saba tayari zimeingia. Kikishajengwa, kizingiti husogezwa ndani: lami ipo, lakini huruhusiwi kutua juu yake.

Zimamoto nao wasisahaulike. A220-300 ni daraja la 6 la zimamoto, magari mawili. Boeing 787-8 ni daraja la 8, magari matatu, na lazima yafike mwisho wowote wa njia ndani ya dakika tatu. Kituo kikiwekwa mwisho mmoja wa njia, kwa mita 3,600 muda huo unabana.

Makulu_Dom
Nimeelewa, asanteni. Mwenye kiwanja karibu na Msalato aanzie wapi?

Mstari wa Kati
Aombe kibali cha urefu wa jengo TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kabla ya kuchora ramani. Apeleke majira ya nukta (latitudo na longitudo) ya kiwanja, mwinuko wa ardhi, na urefu wa jengo pamoja na tangi la maji na antena juu yake. Tangi ndilo watu husahau.