Tupeane uzoefu: Kiingereza chepesi kilichowahi kukuaibisha hapa Uganda

Mhaya wa Kikuubo
Wadau habari zenu. Mi natokea Bukoba, niko Kampala mwaka wa tatu sasa, nauza vitenge Kikuubo. Kiingereza nilikuja nacho cha shule, kile cha jaza nafasi zilizoachwa wazi. Maneno magumu hata hayanisumbui, yanayonisumbua ni haya ya kitoto. Wiki ya kwanza dukani mzungu kachagua vitenge viwili, kanyoosha noti ya elfu hamsini, mi nikawa napapasa droo tu, akaniuliza "Don't you have change?" Nikajibu "Yes" kwa kujiamini kabisa. Si kwetu mtu akikuuliza huna chenji unamwambia ndiyo, yaani ndiyo sina, umekubaliana naye. Kumbe Kiingereza hakijali swali limeulizwaje, kinajali kitu kipo au hakipo, kipo ni yes, hakipo ni no. Basi yeye anasubiri chenji, mi nasubiri atafute noti ndogo, tukabaki tunatazamana mpaka jirani wa duka la pili akaja kutuamua. Siku nyingine nikaulizwa "Do you mind if I sit here?" nikasema yes yes huku nafuta kiti, mama wa watu akasimama vilevile! Mind ni kama anauliza itakukera, sasa mi namwambia itanikera na kiti nampa. Haya na nyie leteni zenu, msiniache peke yangu.

Mama Pacha Arua
Hahahaa pole. Na hiyo pole ndo iliniponza mimi. Napika kwenye gesti, mgeni kutoka Uingereza akajikwaa kwenye ngazi nikamwambia sorry sana madam, akageuka "But it wasn't you!" Kesho yake ana mafua, nikasema tena sorry, akacheka akaniuliza we mbona kila siku unaomba msamaha. Nikajua hawa sorry yao mara nyingi ni ya mtu aliyekosa, ukitaka kumpa pole aelewe vizuri ongeza neno, "sorry to hear that" au "are you all right?" Siku nyingine nikamkuta anafua soksi zake mwenyewe nikampa "well done", akazitazama zile soksi akanitazama mimi. Si anajua well done ni ya aliyefaulu kitu, wakati hapa Uganda anapewa yeyote aliyeshika kazi, ni ile gyebale ko ya Waganda imevalishwa Kiingereza.

Boda wa Ntinda
Mimi ni saa. Mteja aliniandikia nimchukue "at two", nikafika saa mbili asubuhi nikapiga honi getini mpaka mbwa wakachoka kubweka. Alitaka saa nane mchana. Hata Waganda saa zao ni kama zetu, ssaawa bbiri ni saa mbili asubuhi au usiku, kwa hiyo tukiongea wenyewe hakuna shida ila ukiingia Kiingereza toa sita au ongeza sita. Nikazoea. Halafu akaja Mwingereza akasema "half seven", nikapiga hesabu nusu kabla ya saba nikafika saa kumi na mbili na nusu, amelala. Kumbe half seven yao ni saa moja na nusu.

Wa Mutukula
@Boda hesabu yako haikuwa ya kijinga, Wajerumani nusu saba yao ndo hiyohiyo saa kumi na mbili na nusu. Ulikosea mzungu tu.

Mukongomani Nakivale
Miye natoka Bukavu, nilisomaka Kifaransa, njo maana Kiingereza nilifikiri nakijua nusu, maneno yanafanana sana. Nikaandika barua ya kazi: "I demand a job". Kwa Kifaransa demander ni kuomba tu, kwa adabu zote, lakini kwa Kiingereza nimekuja kudai kazi kama deni! Mwenye ofisi alinionesha ile barua anacheka. Na "eventually" pia, walisema mafundi watafika eventually, miye nikatafsiria watu "labda watafika", maana éventuellement ni labda, watu wakaenda zao shambani. Kiingereza ilikuwa inasema watafika tu, hata ikichukua muda. Wakafika, hakuna mutu.

Mkenya Bugolobi
Intavyuu. Nikataka kusema nimezoea kazi ngumu, nikasema "I used to work hard". Yaani zamani nilikuwa najituma, siku hizi wapi. Kilichokosekana ni kaneno kamoja, "I'm used to", na nyuma yake "working". Kazi sikupata. Ningekuwa mimi pia nisingejipa.

Halafu mbona hamjataja taksi, hizi matatu za hapa? Konda aliniambia "extend", mi nikadhani safari inarefushwa nikaanza kulalamika nauli, kumbe nisogee mwenzangu akae.

Mama Pacha Arua
Hiyo extend usiende nayo Uingereza hahaha. Na "you are lost" je? Sisi tunaielewa bila kufundishwa, si ndo umepotea sana siku hizi, lakini yule mgeni wangu niliporudi kutoka likizo nikamwambia hivyo, akatoa ramani kwenye simu.

Mwalimu wa jioni
Msiiseme vibaya hiyo, si Kiingereza kibovu, ni Kiingereza cha hapa na watu wanaelewana nacho vizuri. Shida ni kutojua unaongea na nani tu. Mi wanafunzi wangu wananisumbua na he na she, maana kwetu "amekuja" haisemi ni mume au mke. Mmoja alinisimulia mjomba wake alivyojifungua, nikamwacha amalize.

Mhaya wa Kikuubo
Mwalimu umeniua na huyo mjomba. Jamani leo tena asubuhi kaja mteja, "You don't have the blue ones?" Nikaanza kuhesabu kichwani, yes, no, vipo, havipo, jasho linanitoka. Nikamwambia "They are there." Akalipa akaenda.