Niliuziwa simba na mbuzi kwenye boksi moja, sasa naambiwa ni uzembe wangu

Samaki 11 waliingia kwenye tangi langu mwezi uliopita. Leo wamebaki 3, na kati ya hao 3 wawili ndio waliowamaliza wenzao. Nina hasira na nitaandika kirefu, asiye na muda apite tu.

Tangi kwanza, kabla hamjaanza kuniuliza. Urefu sentimita 240, upana 60, kina 60. Hata ukitoa nafasi ya mawe, maji hayapungui lita 700. Lilikuwa na miezi mitano tangu nilijaze. Hapa Kisumu tuna ziwa zima mlangoni lakini maji ya chumvi hatuna, kwa hiyo kila tone natengeneza mwenyewe: maji ya mfereji nayapitisha kwenye mtambo wa kuchuja hadi yabaki matupu, halafu natia chumvi maalumu ya tangi, kama gramu 35 kwa lita. (Si ile ya ugali na mboga, tafadhali.) Nilipima amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu majini, wiki baada ya wiki hadi zikasoma sufuri, ndipo nikaweka matumbawe laini, kamba wasafishaji wawili, konokono, na wale kaa wanaotembea na nyumba ya konokono mgongoni. Stima ikipotea nina betri ya kusukuma hewa. Kwa hiyo upande wa maji msinisumbue.

Muuzaji yuko Pwani. Jina simtaji, sitaki kesi. Nilimtumia picha, vipimo, na orodha ya kila kilichomo ndani. Nikamweleza kwamba nataka tangi la mwamba, matumbawe yaote na samaki wapitepite katikati. Akanipangia yeye: samaki wa anemoni 2, kromisi wa kijani 5, kangaja wa bluu 1, yule mwenye uso mweusi na pezi la njano mgongoni, kitatange mchanga 1 wa miduara myeupe, samaki simba 1 na kikande 1, yule mwenye meno ya kuvunja konokono. Nikamuuliza kwa maandishi, na ujumbe ninao mpaka leo: "Hawa wote wanaelewana?" Akanijibu kwa sauti: "Mamangu, ondoa shaka. Hawa wote ni wa bahari moja, mwamba mmoja, huko wanaishi pamoja." Nikatuma KSh 38,500.

Wa mwamba mmoja, eti. Hata kuku na kicheche wanaishi kijiji kimoja! Baharini kromisi akimwona simba anahama, na ana pa kuhamia. Kwangu atahamia wapi, kwenye kabati la viatu?

Nisimdhulumu, mzigo ulifungwa vizuri. Mifuko yenye oksijeni, boksi la foamu, ukasafiri usiku kucha kwa basi na wote wakafika hai.

Siku ya pili jirani yangu, mzee mmoja aliyevua samaki Dunga, ufuo wa hapa Kisumu, miaka mingi, alikuja kuangalia hicho kioo kinachokula stima yangu. Maishani hajawahi kufuga samaki wa chumvi. Alisimama kimya muda mrefu, mikono nyuma, kisha akaniambia, "Nyara (yaani binti yangu), huyu mwenye miiba, mdomo wake umeuona? Huyu ni mbuta wako." Nikacheka. Nikamwambia mzee, huyu ana urefu wa kalamu tu. Akasema, "Na hao wa kijani wana urefu gani?"

Sisi watu wa ziwa hili ndio tungepaswa kujua kuliko wote. Mbuta, yule samaki mkubwa anayekula wenzake, aliletwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 fulu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kila aina walikuwa wamepungua hadi aina nyingine hazikuonekana tena. Ziwa lenye ukubwa wa nchi halikuwatosha kujificha. Na mimi nimekaa hapa hapa, nimesoma hayo shuleni, nikamwekea simba kromisi watano kwenye sanduku la kioo.

Usiku ule ule wakawa wanne. Simba hana haraka, na hilo ndilo linaloniuma. Hafukuzi. Mchana anajibanza chini ya jiwe kama shada la maua. Jioni nikipunguza taa anatandaza mapezi pande zote mbili, anamsukuma kromisi polepole hadi kwenye kona, anatulia, halafu mdomo unafunguka mara moja na samaki hayupo. Mwanangu wa miaka tisa aliona mara moja kwa macho yake akalia hadi akalala na njaa. Kufikia siku ya tisa kromisi wote walikuwa wameisha. Mmoja wa samaki wa anemoni akawafuata. Samaki simba humeza chochote kinachoingia mdomoni, na mdomo wake unaingiza samaki wa zaidi ya nusu ya urefu wake. Siyo siri ya wataalamu hiyo. Anayeuza samaki hawezi kukosa kuijua.

Kikande naye alikuwa na kazi yake. Kamba wasafishaji, KSh 3,000 kila mmoja, walimaliza siku mbili. Alianza na masharubu, kisha miguu, kisha nikakuta ganda. Konokono aliwapindua mmoja mmoja akawachokonoa. Anahamisha mawe usiku hadi nasikia kioo kikigongwa nikiwa kitandani. Sasa ana sentimita 8, na aina yake hufika 30. Ninaye jambazi ambaye bado yuko chekechea.

Kitatange alikuwa anadonoa matumbawe. Nilikuja kujua baadaye kwamba wengi wa jamii yake ndivyo walivyo, na kwamba huyu akikua anabadilika rangi kabisa, miduara inaondoka anakuwa na mistari ya njano na bluu, karibu sentimita 40. Mrembo, lakini si wa kumweka palipo na matumbawe unayoyapenda.

Na kangaja? Kangaja akamkataa kitatange tangu saa ya kwanza. Ana kisu kwenye shina la mkia, si msemo, ni kisu kweli, na alikitumia. Kutwa ni kufukuzana. Samaki aliyechoshwa hivyo ugonjwa haumkosi, na kangaja wa aina hii anajulikana kwa kushikwa na madoa meupe haraka kuliko wengine. Wiki ya tatu alionekana kama amenyunyiziwa chumvi. Kitatange akafuata siku mbili baadaye. Wote wawili wamekufa.

Hapa nakubali kosa. Sikuwatenga. Kila samaki mpya alipaswa kukaa peke yake kwenye tangi dogo wiki nne hadi sita kwanza. Nilikuwa na haraka ya kuona rangi.

Lakini sikilizeni alichonishauri muuzaji nilipompigia kuhusu madoa: "Mamangu, tia dawa ya shaba humo humo, wiki moja watapona." Humo humo! Kwenye tangi lenye matumbawe! Shaba inatibu samaki, kweli, lakini inaua matumbawe, konokono, kamba, kaa, kila kisicho na uti wa mgongo. Na mawe na mchanga vinaifyonza, ikae inavuja baadaye. Nilikuwa nimeshafungua chupa. Kilichoniokoa ni maandishi madogo nyuma ya chupa, tena ilibidi nivae miwani. Kufuata ushauri wa mtu huyu kungenimalizia hata kile ambacho samaki wake hawakukimaliza.

Nilipodai fidia akasema mzigo ulifika hai, mengine ni uzembe wa mteja. Nikamtumia ile sauti yake mwenyewe. Alama mbili za bluu, kisha kimya. Sasa amenifungia.

Nyongeza, saa tatu usiku: Mliosema ningetafuta mwenyewe kabla ya kulipa, sawa, lakini nilimuuliza swali moja kwa moja na akalipwa kwa kujibu. Ukimuuliza muuza nyama kama hii ni mbuzi akasema ni mbuzi, unaenda kupima maabara?

Aliyesema si vikande wote ni wabaya yuko sahihi. Wapo wanaokula vijidudu vinavyoelea majini na watu huwafuga na matumbawe. Huyu wangu si mmoja wao. Na aliyesema ningeanza na kromisi na samaki wa anemoni, nikasubiri miezi, kisha nikamalizia na kangaja peke yake, mkali aingie mwisho akute wenyeji wameshajua nyumba yao: asante. Ulichoandika kwa mistari miwili ndicho nilichotarajia kwa KSh 38,500.

Aliyesema niwamwage ziwani, naomba utanie kitu kingine. Ni samaki wa chumvi, wale ni kufa tu.

Nyongeza ya pili: Natoa simba na kikande bure kwa mwenye tangi la chumvi lisilo na samaki wadogo wala matumbawe, Kisumu, Kakamega au hata Nakuru ukijileta. Wameshikwa na ugonjwa ule ule kwa kuwa walikuwa maji mamoja, kwa hiyo watibu pembeni kabla ya kuwachanganya na wako. Simba ana sumu kwenye miiba ya mgongoni, usimshike kwa mkono. Akikuchoma, tia mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, kisha nenda hospitali. Kikande mletee ndoo yenye kifuniko. Amejifunza kunitemea maji usoni kila ninapofungua tangi.