MREJESHO: Namba za vichwa zilizokuwa zinaruka kwenye waraka mrefu

Wakuu, tatizo limekwisha. Kwa ambao hawakuliona swali: waraka wa Word wa kurasa 180, sura ya 4 inaanza sawa, lakini kichwa kidogo cha kwanza kinasoma 3.7 badala ya 4.1. Ukirekebisha kimoja, kingine kinaharibika.

Chanzo ni namba zilizowekwa aya kwa aya kwa kitufe cha kawaida. Kila ukiamuru hesabu ianze upya, Word huunda orodha nyingine, na orodha hizo hazijuani.

Dawa: weka kishale kwenye kichwa cha kwanza, fungua kitufe cha orodha ya ngazi nyingi (Multilevel List), chagua kuunda mpya (Define New Multilevel List), kisha bonyeza More. Unganisha ngazi ya 1 na mtindo wa kichwa Heading 1, ya 2 na Heading 2, ya 3 na Heading 3. Ngazi ya 2 ianze upya baada ya ngazi ya 1. Ujongezaji nao upange humo humo. Ukivuta rula, umerudi kulekule.

Kisha pita kwenye vichwa vyote, hakikisha vina mtindo sahihi, na kwa kila kinachokaidi bonyeza Ctrl+Q kufuta umbizo la mkono.

Rejeo za ndani ("tazama 4.2") hujisahihisha kwa Ctrl+A kisha F9, ila zilizo kwenye tanbihi zinataka uingie huko urudie. Zilizochapwa kwa mkono hazibadiliki kabisa.