Tupeane uzoefu: ulinunua trela la hema la mtumba, ulipolifungua ulikuta nini?

#1
Wakuu, heshima kwenu. Nazungumzia yale matrela mafupi ya kupigia kambi, yanayovutwa yakiwa yamejikunja kama sanduku. Ukifika unazungusha mpini wa winchi, paa linapanda, vitanda vinavutwa mbele na nyuma, turubai linasimama. Jipya siliwezi, na sioni aibu kusema. Nimepata la mtumba, mwenyewe anasema "halijatumika sana". Kabla sijatoa hela, walionayo au waliowahi kuwa nayo waseme walipigwa wapi. Nataka yaliyokukuta wewe, si uliyosikia.

#2
Mimi niliuziwa mbuzi kwenye gunia. Nilikwenda kulitazama jioni, kamvua kananyesha, muuzaji akasema tusilifungue turubai litalowa. Nikamwona muungwana anayejali mali yake. Nikazunguka nje, nikagonga paa, nikapiga teke matairi kama tufanyavyo wanaume tusiojua tunatafuta nini, nikalipa.

Nilipolifungua nyumbani ilianza kutoka harufu, madoa meusi nikayaona baadaye. Lilifungwa likiwa limelowa na likakaa hivyo hivyo. Nililisugua kwa brashi laini na maji yenye siki, nikalianika siku tatu. Harufu ilipungua, madoa ninayo hadi leo. Hayo si kitu. Niliponyanyua godoro la kitanda cha nyuma, nikakuta plaiwudi imekuwa kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nilichomeka bisibisi ikatokea upande wa pili. Maji yalikuwa yanaingilia kwenye matundu ya skrubu juu ya paa, mahali ambapo mtu aliwahi kufunga keria halafu akaing'oa bila kuziba vizuri. Matundu matatu ya skrubu tu, nikabadilisha ubao wa kitanda kizima na kipande cha sakafu.

#3
Pole mkuu. Kwa wanaosoma: ukungu wa turubai usiupige dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Mimi nilipiga, turubai likawa safi kweli kweli, msimu uliofuata mishono ikaanza kuachia yenyewe kwa sababu nyuzi zilishaliwa. Tena ukishalifua, hata kwa sabuni tu, dawa ya kuzuia maji inapungua, lazima upake nyingine. Na kama mvua imekukuta kambini ukalazimika kulifunga bichi, ukifika nyumbani lifungue siku hiyo hiyo au kesho yake. Usiseme wikiendi.

#4
Naomba niwasimulie la winchi, maana kaka zangu hapo juu wamelipita.

Safari yetu ya pili, watoto wana njaa, giza linaingia, nikajitia kimbelembele kunyanyua paa peke yangu. Paa linashikwa na komeo nne. Nilifungua tatu. Nikazungusha, mpini ukawa mzito, nikadhani ndio uzito wake, nikaongeza nguvu. Kona tatu zikapanda, ya nne ikabaki chini, halafu nikasikia mlio kama wa risasi. Waya wa chuma ulikatika. Paa likalalia upande mmoja na usiku ule tulilala kwenye gari, watu watano.

Fundi alipoufungua mfumo alinionyesha kwamba ule waya ulishachanua nyuzi zamani kwenye kapi ya kona ile, mimi nilimalizia tu. Kwa hiyo unapokwenda kununua, omba mpini uzungushe mwenyewe, juu mpaka mwisho na chini mpaka mwisho, mara mbili. Angalia kona zote nne zinapanda sawa. Hata likiwa zima, usiingie chini ya paa linaloshikwa na waya peke yake. Mimi sasa nina vyuma vinne vya kuegemeza kwenye kona, watoto hawaruhusiwi kuingia mpaka viwe vimesimama. Jambo jingine: ukitia winchi grisi, tia kwenye meno yake tu, zile sahani za breki zisiguswe. Zikipata mafuta haishiki tena.

#5
Dada umenikumbusha mbali. Langu ni matairi. Kashata zilikuwa zimejaa kabisa, nikafurahi. Katikati ya safari moja likapasuka, likachana waya za taa na kung'oa kipande cha bodi. Fundi akanionyesha tarakimu nne ubavuni: 1409, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2009. Lilikuwa na miaka tisa! Tairi la trela linazeeka limesimama, juani, kabla halijaisha. Siku hizi yangu yakifika miaka sita natoa, hata yakiwa yanang'aa.

Beringi nazo zifunguliwe na kutiwa grisi mpya kila mwaka. Ukinunua leo usiulize mara ya mwisho ilikuwa lini, fungua tu. Nikitembea nusu saa nasimama, naweka kiganja karibu na kitovu cha gurudumu. Likiwa la moto kuliko mwenzake, safari imeishia hapo.

Na mizigo. Nilipanga maji na jiko nyuma kabisa, trela likaanza kucheza mkia hadi gari likawa linayumba nalo. Ndoano inatakiwa ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela lililopakiwa. La kilo 900, basi kilo 90 hadi 135. Vizito viwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo.

#6
Taa za trela zikiwaka kama disko, ukikanyaga breki indiketa nayo inawaka, usibadilishe balbu. Ni ethi, ule waya wa kurudisha umeme unaofungwa kwenye chuma cha bodi, haushiki vizuri. Nilinunua balbu sita kabla ya kukwangua kutu kwenye boliti moja. Na zile jeki ndogo za kwenye kona ni za kuzuia kutikisika, si za kunyanyulia. Zangu mbili zimepinda, niulizeni.

#7
Namba ya chesisi ilingane na karatasi. Sina maelezo zaidi, bado nina hasira.

#8 (mleta uzi)
Asanteni sana. Leo nimekwenda na bisibisi na tochi. Nimewahi saa nne asubuhi, jua kali, hakuna mvua ya kusingizia. Nikamwambia mwenyewe naomba tulifungue lote. Akaniambia mpini wa winchi umepotea, lakini nisiwe na wasiwasi, ndani pako safi. Matairi nimeyasoma: 3111. Nimemshukuru nikaondoka.

#9
Kesho atakupigia kwamba mpini umepatikana.

#10 (mleta uzi)
Kapiga sasa hivi.